Kura 24 za Alhamisi Alasiri

 

Usiku wa Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024 simu yangu iliita nikiwa bado sijaizima redio. Alikuwa shangazi yangu, mkaazi wa Lamu, mama ambaye hapitwi na taarifa ya habari. Seneti ya Kenya ilikuwa imetoka tu kumwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Mashtaka yalikuwa 11, na maseneta walimpata na hatia katika 5. Nchi nzima ilikuwa macho. Mikahawani watu walisimama nyuma ya viti vya wenzao ili waione televisheni. Lakini shangazi hakuniuliza habari ya Gachagua. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, watu hawa siku nyingine huwa wanafanya nini?"

Nilimjibu juujuu. Nikamtajia kaunti, nikamtajia fedha za kaunti, akanitakia usiku mwema. Ila swali lake lilinikaa moyoni, kwa sababu amesema kweli. Tumezoea kuisikiliza Seneti siku ya kumng'oa mtu. Tuliisikiliza Januari 2020 ilipomwondoa Gavana Ferdinand Waititu wa Kiambu. Desemba ya mwaka huohuo tukaisikiliza ilipomwondoa Mike Sonko wa Nairobi, na Agosti 2024 ikawa zamu ya Kawira Mwangaza wa Meru. Siku kama hizo redio hukatiza vipindi vyake vyote. Kura ikishapigwa tunaondoka, na hatugeuki kutazama tena mpaka itokee kesi nyingine. Na siku za kesi ni chache mno. Zilizo nyingi ni hizi za kawaida, ambazo hakuna anayekatiza kipindi kwa ajili yake, na humo ndimo hupatikana au hukosekana ile fedha ambayo kaunti yako itanunulia dawa na kulipia wauguzi.

Basi leo nataka na wewe usikie jibu kamili la swali la shangazi yangu.

Seneti hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Tuichukue Alhamisi. Saa nane na nusu Spika huingia, na mbele yake hutangulia mpambe amebeba siwa. Nataka tusimame hapo kwenye siwa kidogo, kwa sababu neno hilo ni la kwetu pwani. Siwa ni baragumu la enzi, na ukifika katika makumbusho ya Lamu utaziona mbili: moja ya Pate, ya pembe ya ndovu, na nyingine ya Lamu yenyewe, ya shaba. Ilikuwa haipulizwi ovyo. Ilipulizwa mji ulipokuwa na jambo kubwa, na aliyeisikia alijua kuna jambo linalomhusu hata kama yeye hakualikwa. Siwa ya Bunge haitoi sauti, bali maana yake ni ileile. Ikiwapo mahali pake ukumbini, kikao kipo. Ikiondolewa, waliobaki mle ni watu tu waliokaa kwenye viti.

Baada ya dua, hesabu. Katiba ya Kenya inasema Seneti haiwezi kuendelea na shughuli pasipo maseneta 15. Kumbuka kwamba maseneta wote ni 67, bila kumhesabu Spika: 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, vijana wawili, mwanamume na mwanamke, na watu wenye ulemavu wawili, nao mwanamume na mwanamke. Katika hao 67 wanatakiwa 15 tu. Wasipotimia, hupigwa kengele katika majengo yote ya Bunge, na walio kwenye kamati au kwenye chai huja mbio. Iweke hesabu hiyo akilini mwako, tutairudia.

Wakishatimia, Spika huwatambua wageni walio kwenye roshani. Mara nyingi ni wanafunzi waliosafiri usiku kucha kwa basi la shule, wamevaa sare zilizopigwa pasi. Seneta wa kaunti yao husimama kuwakaribisha, na wa kaunti jirani naye husimama. Wapo wanaoona huko ni kupoteza wakati. Mimi sioni hivyo. Mtoto wa Wajir au wa Busia aliyesikia jina la shule yake likitajwa katika ukumbi ule atakua akijua kwamba ukumbi ule una habari naye.

Kisha husomwa maombi ya wananchi, ambayo Kiswahili kimeyapa jina zuri sana: ardhilhali. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuiweka hali yako mbele ya mkubwa aione. Kifungu cha 119 cha Katiba kimempa kila mtu haki hiyo. Hakikusema wakili wala tajiri, kimesema kila mtu. Unaandika hali yako, ombi lako linasomwa ukumbini, linapelekwa kwenye kamati inayohusika, na kanuni za Seneti zinaitaka kamati ilete jibu katika siku 60. Nimekutana na watu wengi mno wenye mgogoro wa ardhi, au wenye pensheni ya marehemu iliyokwama ofisini, ambao hawajapata kusikia kwamba mlango huu upo. Wamezunguka kwa chifu, kwa mheshimiwa, kwa mganga hata. Hakuna aliyewaambia kwamba karatasi moja iliyoandikwa vizuri inaweza kusomwa Nairobi kwa sauti na kuingia katika kumbukumbu za taifa.

Baada ya ardhilhali na hati zinazowekwa mezani, huja taarifa, na hii kwangu ndiyo saa ya Seneti inayonivutia kupita zote. Seneta husimama na kuomba maelezo kutoka kwa kamati juu ya jambo lililotokea kwao: daraja lililochukuliwa na maji, wahudumu wa afya waliogoma, mifugo iliyoibwa mpakani, wakandarasi walioifanyia kaunti kazi wakakaa miaka bila kulipwa. Ni dakika chache tu kwa kila mmoja. Ukisikiliza kwa makini, utasikia kwamba katika dakika hizo seneta huacha kuwa mtu wa chama na kuwa mtu wa kwao. Hutaja kijiji kwa jina, hutaja mto kwa jina. Wa Turkana anazungumza juu ya maji na wa Mombasa anazungumza juu ya maji, nawe kwa muda wa robo saa unaisikia Kenya jinsi ilivyo pana.

Mawaziri nao husikika humo, ila si Alhamisi. Chini ya Katiba ya 2010 waziri si mbunge wala seneta, hana kiti Bungeni. Kwa miaka mingi alijibu maswali kwenye vyumba vya kamati tu. Tangu 2023 huitwa ukumbini Jumatano asubuhi, akasimama na kujibu maswali mbele ya wote. Ni badiliko jema, na nasema hivyo bila kusita, maana jibu lililotolewa hadharani ni gumu kulikana.

Sasa tufike kwenye miswada, na hapa ndipo nilipotaka kumfikisha shangazi.

Ukiwa kwenye roshani ya wageni mnamo saa kumi na moja jioni, utaona ukumbi umepungua. Viti vya mbele vina watu, vya nyuma vimebaki na karatasi. Wapo walio kwenye kamati wakimhoji gavana juu ya hesabu zake, na hiyo ni kazi ya halali kabisa. Wengine wamekwenda uwanja wa ndege. Mjadala unaendelea na wazungumzaji ni hodari. Mswada umechambuliwa kifungu kwa kifungu. Mzungumzaji wa mwisho anakaa. Imebaki kupiga kura.

Na kura ya Seneti si kama kura ya nyumba nyingine. Jambo likihusu kaunti, seneta hapigi kura kwa nafsi yake. Hupiga kura kaunti. Kila kaunti ina ujumbe wake, ambao ni maseneta wote waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti hiyo, na ujumbe huo una kura moja, ambayo hutolewa na kiongozi wake, yaani yule seneta aliyechaguliwa. Asipokuwapo, anaweza kumteua mwenzake wa ujumbe huo apige badala yake. Kura ni 47. Ili jambo lipite, sharti kaunti 24 ziseme ndiyo. Hazihesabiwi zilizohudhuria tu, zinahesabiwa zote 47, kwa hiyo kiti kitupu kinafanya kazi ya kura ya hapana.

Fikiria maana yake. Katika sensa ya 2019 Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073. Lamu ilihesabiwa 143,920. Katika uchaguzi wa rais, kura za Lamu nzima ni kama tone kwenye ndoo. Katika Bunge la Kitaifa, Nairobi ina wabunge 17 wa maeneo bunge, Lamu ina wawili. Lakini karani wa Seneti anapoita kaunti moja moja, Lamu inasema neno lake moja na Nairobi inasema neno lake moja, na neno la hii si zito kuliko la ile. Sijui mahali pengine katika dola ya Kenya ambapo mvuvi wa Kizingitini na mfanyabiashara wa Westlands wamewekwa kwenye mizani wakalingana. Ni hapo tu, kwa dakika zile za kuita majina.

Na ndiyo sababu inaniuma kuona kinachotokea Alhamisi nyingi. Spika huutazama ukumbi. Anaona viongozi wa ujumbe kumi na wawili, au kumi na watano. Pamoja na maseneta wengine waliopo wanatosha kuendesha kikao, maana wanaotakiwa ni 15 tu, lakini kura za kupitisha mswada hazipatikani hata wote wakisema ndiyo. Basi hutangaza kwamba swali halitaulizwa leo, kura inaahirishwa mpaka kikao kingine. Ukurasa unafunguliwa mwingine. Kikao kingine kikifika, pengine hawatoshi tena, na swali linasogezwa tena. Na mswada hauhitaji kura 24 mara moja. Unazihitaji ukisomwa mara ya pili, unazihitaji katika kamati ya Seneti nzima, unazihitaji ukisomwa mara ya tatu. Hivyo sheria ambayo imeshajadiliwa, ambayo hakuna hata mtu aliyeipinga, inaweza kukaa wiki nyingi mlangoni ikisubiri watu wapatikane. Haikuangushwa na hoja. Imekosa watu tu.

Nilipokuwa nikiandaa mazungumzo haya rafiki yangu mmoja aliniambia ninawaonea maseneta, kwamba kazi yao kubwa iko kwenye kamati na mashinani. Nakubali sehemu ya maneno yake. Kamati ndizo zinazomkalisha gavana kitini na kumwuliza fedha zimekwenda wapi, na wapo magavana waliokimbilia mahakamani ili wasiitwe, jambo linaloonyesha kwamba kuitwa huko kuna makali. Lakini kura ya kaunti haipigwi kwenye kamati wala kwenye matanga. Kwa kura hiyo Katiba imemtaja mtu mmoja kwa kila kaunti, na imempa njia ya kumwachia mwenzake asipoweza kufika. Asipokuja na asimteue mtu, kaunti nzima imenyamaza.

Labda utaniuliza, kura hizo 24 zimewahi kutufaa nini? Nitakukumbusha mwaka 2020.

Kila baada ya muda Seneti huweka mfumo wa kugawa fedha baina ya kaunti. Tume ya Ugavi wa Mapato huleta mapendekezo, na Seneti ndiyo yenye neno. Mwaka ule mapendekezo yaliegemea zaidi idadi ya watu. Kaunti zenye watu wengi zingepata zaidi. Kaunti za kaskazini na za pwani, zile zenye ardhi kubwa na watu waliotawanyika, zingenyang'anywa sehemu ya fedha zilizokuwa zikipata: Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit, Tana River, Kwale, Kilifi, na nyingine. Waliounga mkono walisema fedha imfuate mtu, kila mtu shilingi yake. Neno hilo ni tamu masikioni, na lina haki ndani yake, maana mtoto wa Kiambu naye anahitaji darasa. Lakini chukua Turkana au Marsabit, kila moja ina zaidi ya kilomita za mraba 60,000. Nairobi haifiki hata 1,000. Gari la wagonjwa la Marsabit linakwenda safari ya saa nyingi kumfikia mama mmoja mwenye uchungu. Gharama ya mama huyo huwezi kuipata kwa kuhesabu vichwa.

Wakagawanyika. Kikao baada ya kikao, kura zikapigwa au zikaahirishwa, na hakuna upande uliofikisha 24 kwa mfumo wowote. Mwaka wa fedha ulikuwa umeanza Julai, na kaunti zilikuwa zikingoja. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, walikamatwa na polisi siku ileile Seneti ilipokuwa ikutane. Wote watatu walikuwa upande wa walioupinga mfumo ule. Wenzao walipofika ukumbini hawakukubali kupiga kura wakati wenzao wako mikononi mwa polisi. Iliundwa kamati ya watu 12 kutafuta mapatano.

Katika waliosimama na kaunti zilizokuwa zinapoteza alikuwamo seneta wa Nairobi wa wakati ule, Johnson Sakaja. Nairobi ingepata fedha zaidi kwa mfumo ule mpya. Yeye alikataa kaunti yake iongezewe kwa kumpunguzia mwenziwe. Siasa zake nyingine zina wakosoaji wake na sitaziingilia. Kwa siku zile za 2020, alitenda tendo ambalo Seneti iliundwa ili litendeke.

Alhamisi tarehe 17 Septemba 2020 wakakubaliana. Hakuna kaunti ingepoteza hata shilingi, na mfumo mpya ungeanza kutumika fungu lote likishaongezwa. Mwaka uliofuata wa fedha mgao wa kaunti ulipanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Wachache wangeweza kuzidiwa nguvu. Katika nyumba ya kuhesabu vichwa wangezidiwa mchana uleule wa kwanza. Hawakuzidiwa, kwa sababu Tana River ilikuwa na kura moja na Kiambu ilikuwa na kura moja, na kwa sababu wenye kura hizo walikuwapo ukumbini. Narudia, walikuwapo.

Kuna jambo moja katika utaratibu huu ambalo haliniridhishi, nami nitalisema waziwazi. Katika uchaguzi wa 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kuwa seneta wa kaunti. Mwaka 2017 walichaguliwa watatu, Susan Kihika wa Nakuru, Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Fatuma Dullo wa Isiolo. Mwaka 2022 watatu tena. Kwa hiyo wanawake wengi wa Seneti ni maseneta maalum, wale 16 wa vyama na wenzao. Wanachangia mijadala, wanaongoza kamati, wanaleta miswada, na mingine ni bora sana. Lakini ukifika wakati wa kura ya kaunti, seneta maalum hukaa kimya mpaka kiongozi wa ujumbe wake amteue. Katiba inamtaka kiongozi ashauriane na wenzake kabla ya kupiga kura. Kushauriana si kupiga kura. Mama aliyeuandika mswada kwa mkono wake, akautetea saa mbili nzima, anaweza kukaa pale akitazama kura yake inaahirishwa kwa sababu mwanamume mwenye kura ya kaunti hayupo, wala hakukumbuka kutuma jina. Hilo mtu aliyeandika Katiba kwa nia njema angependa tulirekebishe, naamini hivyo.

Kuna pia neno "bunge la juu". Waandishi wa habari tunalitumia, na maseneta wenyewe hulipenda. Ukiisoma Katiba hutaliona. Imetaja Bunge la Kitaifa na imetaja Seneti, haikusema ipi iko juu ya nyingine. Mabishano ya nani mkubwa yalianza mwaka 2013, na yalifika Mahakama ya Juu ilipoombwa kutoa ushauri kuhusu mswada wa kugawa mapato. Tarehe 1 Novemba 2013, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, mahakama ilisema Seneti haiwezi kurukwa katika jambo hilo. Hata hivyo miswada iliendelea kupita upande mmoja tu, na Oktoba 2020 Mahakama Kuu ikabatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Kitaifa pasipo Seneti kushirikishwa. Kesi hiyo ilipanda ngazi za juu, na mambo yakageuka tena kwa sehemu. Sitaki kukuchosha na mashauri. Nataka tu ujue kwamba kuwapo kwa nyumba hii hakujawa jambo la kukaa nalo raha mustarehe.

Na shangazi yangu anajua kwamba nyumba hii iliwahi kufa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Seneti ya wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya kati ya wilaya 40, na mmoja wa Nairobi. Spika wake alikuwa mtu wa pwani, T. C. Chokwe. Watu wa maeneo madogo waliitegemea iwalinde na wakubwa. Haikudumu. Mwishoni mwa 1966 iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na ili maseneta wasikose pa kukaa, maeneo bunge yaliongezwa kutoka 117 hadi 158. Fanya hesabu mwenyewe: yameongezeka 41 barabara. Kila seneta alipewa kiti, ila kiti cha wilaya yake kama wilaya kilikwisha. Zaidi ya miaka 46 ilipita kabla ya Seneti kurudi, Machi 2013. Spika wa sasa, Amason Kingi, naye ni mtu wa pwani. Alikuwa gavana wa Kilifi. Wapo wazee wa huku waliowahi kumsikia wa kwanza na sasa wanamsikia huyu.

Nimalizie na lugha, maana ninyi mnaonisikiliza mnasikiliza kwa Kiswahili. Lugha rasmi za Bunge la Kenya ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni inasema aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa hiyohiyo. Maseneta wa pwani, kama Mohamed Faki wa Mombasa na Issa Boy wa Kwale, huchangia kwa Kiswahili, nayo maneno yao huandikwa kwa Kiswahili katika taarifa rasmi, yalivyotamkwa. Lakini miswada karibu yote huandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana shangazi yangu, anayeweza kukufafanulia utenzi beti kwa beti, alilazimika kunipigia simu mimi kuuliza Seneti hufanya nini. Siyo elimu aliyokosa, lugha ya zile karatasi ndiyo haikufika kwake. Wale wanaofungua vinywa kwa Kiswahili mle ndani wanafanya kazi kubwa kuliko wanavyoambiwa, na ningependa wawe wengi zaidi, wasiwe wa pwani peke yao.

Saa kumi na mbili na nusu, Spika huinuka. Hutangaza kwamba Seneti imeahirishwa mpaka Jumanne saa nane na nusu. Siwa huondolewa. Mswada uliokuwa ukisubiri kura hubaki kwenye ratiba, nao utachapishwa tena Jumanne mahali palepale.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi. Nilimweleza haya yote, akanisikiliza bila kunikatiza. Kisha nikamwambia kwamba kura ya kaunti ikipigwa, taarifa rasmi huchapisha majina: seneta fulani, kaunti fulani, ndiyo au la. Asiyekuwapo haonekani popote katika orodha. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ninaweza kumsomea orodha hiyo kwenye simu, kila wiki, kuanzia herufi ya L.